Kwa Nini Theluji ya Mlimani Huguna

Zamani sana, kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, theluji ilikuwa ikisema kama watu. Kazi yake ilikuwa kulala juu ya mlima na kubeba kila kilichoiangukia, na mawingu hayakuchoka kuiongezea mzigo. Ikilalamika, watu waliiambia mvumilivu hula mbivu. Huko juu, jamani, kulikuwa na nini cha kuiva?

Siku hizo aliishi mchuuzi wa magadi aitwaye Ndesario, mgane mwenye binti mmoja tu, Anaeli. Miaka nenda miaka rudi aliuvuka mteremko wa theluji na gunia mgongoni, mpaka uchovu ukamzoea. Anaeli alipoposwa upande wa pili wa mlima, baba yake alifurahi, ila hata furaha yenyewe ilimjia imechoka.

Mila ilitaka bibi harusi asindikizwe na ukoo mzima, bega kwa bega, asije akadhaniwa hana watu. Basi wakapanda hivyo, kundi moja, Ndesario mbele. Theluji ya zamani ilikuwa imeyeyushwa na jua ikaganda tena, ngumu, yenye utelezi. Juu yake ilikuwa imeanguka nyingine mpya, nzito, isiyo na pa kujishika.

Walipofika ukingoni mwa mteremko, theluji ikasema chini ya miguu yao, "Ndesario, nimechoka. Huu mzigo wa juu unaniponyoka. Piteni mmoja mmoja, au rudini mkangoje utulie."

Anaeli akamshika baba yake mkono. "Baba, turudi. Wakwe watatungoja."

Ndesario alikuwa amesikia vizuri. Lakini magoti yalimuuma, aibu ya kuchelewa ilimuuma zaidi, na mtu aliyechoka hana nafasi ya uchovu wa mwenzake.

"Hata mimi nimechoka," akaijibu theluji. "Nani hajachoka? Twende, mwanangu."

Wakaingia wote pamoja. Theluji haikukasirika, iliachia tu. Ilipasuka juu yao, mteremko mzima ukashuka ukawazoa. Wengi walifukuliwa wakiwa hai. Anaeli alipatikana jioni, amekwisha kuwa baridi. Ndesario aliketi kando yake akamlilia, kisha akaiuliza theluji kwa nini haikumwonya mara ya pili. Haikumjibu, wala haikumjibu mtu mwingine tena.

Na tangu siku hiyo theluji haisemi. Huguna tu, mara moja, chini ya nyayo, na watu wa mlimani wakiusikia mguno huo hugeuka wakarudi, hata kama ni harusi. Isipoguna, bado huvuka mmoja mmoja. Baba wa bibi harusi hutangulia peke yake, akifika ng'ambo husimama, na hapigi hatua kwenda kwa wakwe mpaka binti yake amfikie. Na hakuna mkwe anayethubutu kuwauliza walichelewa wapi.