Siku Mzee Mwakyoma Alipogeuza Kiti

"Darasa la wakubwa hujibu likiaga."

Mmeisikia leo mgahawani, mama akimtuliza binti yake aliyechoka kufundisha shangazi zake kutumia simu, na sasa mnanitolea macho mnataka kujua ilikotoka. Mmefika kwa mwenyewe. Mimi nilikuwemo katika darasa hilo, na bila kujisifu, ndiye niliyeshika somo kuliko wote.

Methali hii haikuja na mababu. Ilizaliwa hapa hapa Rungwe, ninyi mkiwa bado mnapangusa pua kwa mkono wa shati, mwaka aliokuja Mwalimu Aikande kutufundisha lugha ya alama. Mwalimu mwenyewe alikuwa kiziwi tangu alipougua surua utotoni kwao Moshi. Alikuja kwa ajili ya Lugano, mjukuu wa Mzee Mwakyoma, ambaye alizaliwa hasikii na wakati huo alikuwa na miaka sita. Mama yake Lugano, Subilaga, ndiye aliyehangaika mpaka mwalimu akapatikana. Baba yake alikuwa machimboni Chunya. Subilaga akienda kuchuma chai, mtoto alibaki na babu, na babu hakujua hata kumuuliza kama ana njaa.

Basi kila Jumamosi alasiri tulikusanyika kwenye ghala la wakulima wa chai, ndugu na majirani. Wanaume mbele, wanawake nyuma. Subilaga alikaa nyuma kabisa, amegeukia ukuta, kanga imefunika uso. Mnajua sababu. Kwetu, mkamwana hatazamani na baba mkwe wake, wala hawasemezani. Wakikutana njiani mmoja anaingia migombani.

Hilo lilikuwa la wawili. La wote lilikuwa hili: sisi tumelelewa kwamba mwalimu hakodolewi macho. Mtu mwenye adabu akifundishwa hutazama chini. Sasa fikirieni lugha iliyo mikononi na usoni, halafu wanafunzi wazima wanatazama sakafu. Mwalimu alipiga meza, alipunga mikono, alichora ubaoni. Tuliinua macho kidogo, tukaona tumemvunjia heshima, tukayarudisha. Akimwita mtu mbele, mtu anajikunja kama jongoo. Mwaka mzima, na hakuna aliyemjibu ishara moja iliyokamilika.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Mimi, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne, nilijiteua mkalimani. Mwalimu akasimama, akaweka mkono kifuani, akautoa kuelekea kwetu.

Nikatangaza kwa kujiamini, "Mwalimu anasema kifua kinambana."

Sauti ikatoka nyuma, kule ukutani, "Anasema anatupenda. Kaa chini, Ipyana."

Ilikuwa ya Subilaga. Nikakaa. Yeye akaendelea kutafsiri, uso bado ukutani, jicho moja likichungulia kwenye upindo wa kanga. Mwanamke wa kwetu huona kwa pembe ya jicho kuliko wewe kwa darubini.

Mwalimu alisema hivi: aliwapenda watu wanaotoka shambani na mgongo unaouma, wakanawa mikono, wakaja kukaa kwenye benchi. Hakuwahi kupata wanafunzi wasiokosa kama sisi. Ila alikuwa anaondoka na uchungu, kwa sababu ameshindwa kutufundisha. "Kesho napanda basi," alisema, "na Lugano anabaki peke yake katikati ya watu wanaompenda. Akiumwa usiku, atamwambia nani?"

Subilaga alipotafsiri hilo, alijifuta macho kwa kanga.

Mzee Mwakyoma akainuka taratibu. Tukadhani anakwenda kutoa shukrani. Hapana. Alishika kiti chake, akakigeuza, akakaa anatazama wanawake. Mjumbe aliyekuwa jirani yake akamnong'oneza, "Tata," yaani baba, "huko yuko mkweo."

"Namjua alipo," mzee akasema. "Subilaga, mama, geuka."

Subilaga hakugeuka. "Tata, sitaweza. Watasema nini?"

"Watasema mzee amezeeka. Mtoto wetu Mungu amemziba masikio, na sisi tunamziba macho kwa adabu zetu. Mimi sitaki kufa hivyo. Geuka, mwanangu."

Akageuka. Kanga ikashuka mabegani. Mzee akainua mikono yake, ile mikono iliyokakamaa kwa jembe, akamuuliza kwa alama: mtoto ameamka salama? Subilaga akamjibu: ameamka salama, amekula viazi, amekuulizia. Mzee akauliza: ameniulizia nini? Akajibiwa: kwa nini babu huwa unaongea na kuku.

Miaka tisa ya ndoa hawakuwahi kupeana neno, na mazungumzo yao ya kwanza ya uso kwa uso hayakuwa na sauti.

Hapo wote tukainua macho. Mikono ikaanza, huku na huku, wengine wakikosea na kurudia. Wamama walikuwa wanafanya mazoezi mashambani, chai kikapuni, alama juu ya majani. Mzee alikuwa anafundishwa na Lugano mwenyewe nyuma ya zizi. Mwalimu alizunguka ghala zima akimshika kila mtu mikono, kama anayethibitisha kwamba ni ya kweli.

Akamuuliza mzee: mbona hamkuniambia mnajua?

Mzee akajibu kwa mikono, na safari hii hata mimi nilielewa: mwalimu hakodolewi macho. Lakini leo si mwalimu tena, leo ni binti yetu anayesafiri, na binti anayesafiri hutazamwa mpaka apotee kwenye kona.

Mwalimu Aikande akacheka huku machozi yanamtoka, na kesho yake tukamtazama hivyo hivyo, mpaka basi likapotea kwenye kona.

Basi tangu siku hiyo, ukifundisha watu wazima ukawaona wamekaa kimya kama magogo, usiseme umemwaga maji mchangani. Watu wanakuambia: darasa la wakubwa hujibu likiaga. Siku hiyo walilia wote, wanaume kwa wanawake. Mimi tu ndiye niliyejikaza, nikatoka nje kuangalia kama mvua inakuja.

"Mvua ipi, Ipyana?"

Haya, yule pale Subilaga anapita na kikapu chake, na Lugano, siku hizi kijana, kando yake.

"Ulikuwa nyuma ya tangi la maji unalia kwa kwikwi," anasema, "mpaka mbwa wa mlinzi akaja kukaa karibu yako."

Nanyi mnacheka, mnaangukiana. Lugano anavuta mkono wa mama yake, anauliza kwa alama tunacheka nini. Subilaga anatua kikapu chini, anamweleza yote, habakizi hata mbwa.