Huku Nyuma Hapiti Mtu

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, na wale wa mlangoni wapate pa kukaa. Leo nina habari ya bwana mmoja na nyumba yake. Nawaambia mapema kwamba mwisho wake si mzuri, asije mtu akanilaumu.

Bwana huyo alirithi nyumba ya baba yake, nyumba ya zamani, imezungukwa pande zote na jamvi. Jamvi ninalolisema si hili tulilolikalia. Mafundi nao wana jamvi lao: zege linalomwagwa juu ya kifusi, watu wapite wasikanyage tope. Baba mtu alilimwaga kwa mikono yake, likakaa imara miaka mingi. Ila bati la nyuma halikuwa na gata la kukinga maji. Kila masika maji yalidondoka palepale, yakapenya, yakakiburuta kifusi kidogo kidogo huko chini. Jamvi likaanza kutitia. Likapasuka ufa mrefu, upande mmoja ukashuka, ikabaki kingo ya vidole vinne.

Katika nyumba hiyo aliishi na mama yake mzazi. Macho ya bibi yule yalibakiwa na mwanga wa kujua kumekucha tu. Chakula aliletewa, nguo alifuliwa, lakini maji ya udhu hakukubali kuletewa na mtu. Alikwenda mwenyewe bombani, nyuma ya nyumba, mara tano kwa siku, kopo mkono huu, fimbo mkono ule. Akifika kwenye ufa, fimbo inagonga kingo, anajua ni hapa. Anashuka kwenye udongo, anazunguka, anafika bombani salama.

Siku moja akamwita mwanawe. "Mwanangu, pale nyuma nikigonga panaitika."

"Panaitikaje, mama?"

"Kama mtungi usio na maji. Hebu patazame."

Bwana akacheka. "Mama nawe! Siku hizi hata zege linakuitikia salamu?"

Msije mkadhani alikuwa mtoto mbaya. Alimpenda mama yake, na pale mtaani wakitajwa watoto wanaolea wazazi, yeye alitajwa wa kwanza. Alisema atapatazama. Nani kati yetu hajawahi kusema hivyo?

Kisha ikaja barua ya posa. Binti yake anatakiwa na watu wa heshima, na washenga watafika Jumapili. Nyumba ikapinduliwa juu chini. Mapazia yakabadilishwa, ukuta wa mbele ukapakwa rangi, fundi akaitwa kuangalia jamvi.

Fundi alizunguka mpaka nyuma, akainua mtaimbo, akagonga mara moja tu. Pakaitika. Akainama, akachungulia kwenye ufa, akainuka taratibu.

"Mzee, chini hapa ni utupu. Mbuzi anaenea humo."

"Sasa tufanyeje?"

"Jamvi livunjwe. Tujaze kifusi, tushindilie sawasawa, tumwage upya. Na gata lifungwe huko juu, la sivyo mwakani utaniita tena."

"Siku ngapi?"

"Siku nane, mpaka likauke."

"Siku nane! Washenga wanakuja Jumapili, waje wakute nimebomoa nyumba? Piga niru, fundi, saruji nyembamba tu ya juu. Funika huo ufa, pasawazishe, pang'ae."

"Niru haibebi mtu, mzee."

"Nani kasema imbebe mtu? Wageni wanakaa mbele. Huku nyuma hapiti mtu."

Fundi akatazama lile bomba. Akalitazama kopo la udhu ambalo bibi alikuwa ameliacha juu ya jiwe, bado linachuruzika maji. Akafungua mfuko wa saruji.

Jamani, lishikeni neno hilo. Hapiti mtu. Mara tano kwa siku, mama yake mzazi, na mdomo wake bado ukasema hapiti mtu. Hakusema uongo makusudi. Siku ile alikuwa anawahesabu wageni tu.

Jumapili ikafika. Penye ufa fundi alipaacha mpaka mwisho, akapaziba baada ya adhuhuri, jua likapakausha. Nyuma pakang'aa kama sinia, huoni ufa, huoni kingo. Washenga wakakaa barazani mbele, wakala, wakanywa, mazungumzo yakanoga. Mmoja wao akasema, "Nyumba hii ya zamani, lakini mwenyewe anajua kutunza." Bwana akaona dunia yote yake.

Ikaadhiniwa alasiri. Washenga wakasema wamalize kikombe, kisha waende wote msikitini. Hapo ndipo uliposikika mshindo nyuma ya nyumba, mzito, kama gunia lililoangushwa. Mshenga mmoja akageuza shingo. "Kuna nini huko?"

"Paka hao," bwana akasema, akawasogezea sahani ya halua.

Moyo ulimpiga. Hilo alilikiri mwenyewe baadaye, huku analia kama mtoto. Moyo ulimpiga, naye akaendelea kumimina kahawa, kwa sababu aliona aibu kuinuka.

Aliyemkuta bibi ni yule binti wa kuposwa, alipopeleka vyombo nyuma. Alimkuta ametumbukia mpaka kifuani, niru imevunjika vipande vipande, mbavu zimebanwa na zege, kopo bado mkononi. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ananong'ona, "Msiwashtue wageni."

Alilazwa siku tisa. Siku ya nane alimshika mwanawe mkono.

"Mwanangu, siku ile ufa sikuukuta. Fimbo haikugonga kitu, nikapapasa kwa mguu, nikakuta pamenyooka. Nikajua umeshapatengeneza. Nikakuombea dua palepale, kisha nikapita."

Kesho yake akafariki.

Watu walipojaa msibani, fundi alikuja na nyundo yake, hakuitwa na mtu. Hakumsalimu yeyote. Alikwenda nyuma, akaanza kulivunja lile jamvi, na kila pigo lilisikika mpaka walipokaa waombolezaji. Bwana alisimama pembeni akitazama. Kazi yote ya kulivunja ilikwisha kabla ya adhuhuri. Asubuhi moja tu, ndugu zangu.

Sasa mnamhukumu. Nawaona mnavyotikisa vichwa. Lakini niambieni, bibi yule aliuawa na ufa? Ufa ulimlinda miaka yote ile! Ufa ulimwambia kila siku, mara tano, usipite hapa. Kilichomuua ni kile alichosifiwa mwanawe: usafi, mng'ao, nyumba iliyotunzwa.

Na sisi je? Ndugu wawili hawasemezani tangu mirathi, ikija harusi wanashikana mabega wapigwe picha, na watoto wao wakiiona picha hiyo wanaamini mambo yamekwisha. Baba mlevi, lakini akivaa kanzu Ijumaa mkewe anaambiwa ashukuru, amepata mume. Tumetitia, tunajua tumetitia, na kila wakija wageni tunaita saruji. Wageni hawaanguki, jamani. Wageni wanakula, wanasifu, wanakwenda zao. Anayeanguka ni wa ndani, yule aliyepapasa kwa mguu akakuta pamenyooka, akatuamini, akatuombea dua.

Nani wako anayepita huko nyuma, nawe umesema hapiti mtu?

Muda wetu umekwisha, nami inanibidi nivunje jamvi. Lakini hili la hapa ni rahisi, tunainuka tu na kupukuta kanzu. Lile la nyumbani kwako, ukifika leo, kabla hujavua viatu, zunguka nyuma ukaligonge. Likiitika, usimwite fundi wa niru. Mwite mama kwanza, mshike mkono, umwambie asipite.