Uso wa Kwanza Atakaouona Bibi

Nilikuwa nakamua shuka la pili, mikono imekufa ganzi kwa maji ya baridi, simu ikaita dirishani. Alikuwa binti yangu Naetwe.

"Mama, gari imechemsha. Tuko kona ya saba ya njia ya mlimani."

"Bibi je?"

"Yumo garini. Anauliza saa."

Ilikuwa saa nne na robo. Madaktari wa macho huja hospitali ya mlimani mara moja kwa mwaka, na walishasema anayefika baada ya saa sita mchana asubiri mwaka ujao. Jicho la kushoto la Bibi, mama mkwe wangu, limeshakufa. La kulia lina mtoto wa jicho, na tuliambiwa halitangoja mwaka mwingine.

Nikamalizia kukamua shuka. Huku tambarare sikuwa na la kufanya. Yaliyotokea nilisimuliwa jioni na watu watatu wanaosema kwa pamoja, kwa hiyo nimeyapanga mwenyewe.

Watatu hao wako hivi. Senzota, mwanangu wa kwanza, ana masikio; akiwa amelala anajua ni mbuzi gani anayekohoa. Naetwe ni mshonaji, ana mikono. Mbonea, shemeji yangu, kitinda mimba wa Bibi, ana miguu. Ukimwondolea miguu hiyo, yanabaki maneno.

Gari yenyewe ina umri wa Naetwe. Haijawahi kutiwa dawa ya rejeta. Tunaijaza maji ya mfereji na kutembea na dumu la akiba kwenye buti. Siku hiyo dumu halikuwemo. Nililishusha mimi asubuhi nikapakia gunia la mchele, na jingine nikalifunga juu ya keria, kwa sababu kwetu mtu hapandi kwa ndugu wa mlimani mikono mitupu. Nimelisema kosa langu mapema ili nisiulizwe.

Kona ya saba, Senzota, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, alisikia injini imebadili sauti. Moshi haukuwepo, na mshale wa joto ulishakufa zamani. Akasimama, akazima.

"Mume wangu," Bibi akamwambia, maana ndivyo anavyomtania mjukuu wake, "umesimama kuchimba dawa?"

"Injini inalalamika, Bibi."

"Twende hata kona ya mbele," Mbonea akasema. "Saa inakwenda."

"Tukienda, injini inakufa hapo hapo."

Akafungua boneti, na ndipo mvuke ukatoka. Mbonea akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Senzota akaudaka. "Baba mdogo, unataka kuchemka uso? Ngoja ipoe." Wakangoja nusu saa nzima, Bibi akiuliza saa.

Naetwe hakungoja amekaa. Alipapasa mabomba na khanga mkononi mpaka akakuta mpira wa juu wa rejeta umepasuka, ufa mrefu kama kidole. Akapanda juu ya gari, akafungua ule mkanda wa tyubu ya baiskeli nilioufungia gunia, akaukata vipande. Akaufuta mpira ukakauka, akauzungushia mkanda huku akiuvuta kila mzunguko, akafunga kwa waya. Vidole viliungua viwili. Magunia wakayaacha kwenye nyumba iliyo jirani na kona, gari ipungue uzito.

Maji sasa. Mto uko bondeni, njia yake ni ya mbuzi. Mbonea aliazima dumu la lita ishirini kwenye nyumba ile ile, akashuka, akapanda nalo begani. Hilo likaingia kwenye rejeta, kidogo kidogo, injini ikinguruma polepole, kama Senzota alivyotaka. Akashuka tena kuleta la njiani. Alirudi goti limechubuka, akalipakia dumu kwenye buti.

Walifika saa sita kasoro dakika nane. Jina la Bibi lilikuwa la mwisho kwenye daftari.

Kabla hajaingia chumba cha upasuaji, Bibi akasema: "Miaka minne sijaona uso wa mtu. Aliyenifikisha hapa ndiye nitakayemwona kwanza." Akapelekwa. Jioni wakamrudisha nyumbani, jicho limefungwa bandeji, na tangu hapo wale watatu hawajaacha kubishana.

"Ningesikiliza maneno yenu," Senzota anasema, "injini ingenoki. Hata mto wote usingetusaidia."

"Na ulipozima, ulikuwa umefika?" Naetwe anamuuliza. "Maji yangekaa wapi, kwenye mpira uliopasuka?"

"Mpira umefungwa vizuri sana, binti yangu," Mbonea anasema. "Rejeta kavu. Mngepanda kwa mate?"

Nilimwambia Bibi aamue mwenyewe, ahadi ni yake.

"Mimi nina jicho moja tu la kuanzia," akanijibu. "Halitazami watu watatu kwa wakati mmoja. Wewe ndiye mama wa nyumba hii, na garini hukuwemo. Amua wewe."

Nesi wa zahanati atakuja kesho asubuhi kutoa bandeji. Mbele ya kitanda cha Bibi nitaweka kigoda kimoja, cha huyo atakayeonwa kwanza. Nimechoka, mgongo unauma, na kila mmoja ananitazama kana kwamba nimeshakificha kigoda hicho kwa ajili ya mwenzake.

Nimepakua makande. Bibi amepewa sahani yake mkononi, Senzota yupo, Naetwe yupo na vidole vyake ndani ya kikombe cha maji, Mbonea yupo, na mimi. Watano, hakuna aliyekosekana.

Ninyi mliosikiliza hamna undugu na yeyote kati yao. Nambieni basi: kesho asubuhi, nani akae kwenye kigoda?