Unga Uliolindwa na Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, siku zile nyati alipokuwa akivaa kikoi na tembo akilima mahindi kwa jembe, katika bonde la Kwamsasa aliishi sange mmoja. Sange mnamjua? Ni mnyama asiyejaa kiganjani, miguu yake myembamba kama vijiti, na pua ndefu isiyotulia, inanusa huku, inanusa kule. Huyu wetu jina lake Kibibi. Nyumba yake ilikuwa chini ya kisiki, katikati ya nyasi ndefu, na humo alikuwa akinyonyesha mapacha.

Bonde lile lilikuwa na rutuba nyingi na panya wengi zaidi. Ukifungua kihenge cha mahindi, unakuta panya. Ukivua kiatu, panya. Mzee Tembo, mkuu wa bonde, aliwahi kufunua chungu cha uji akakuta panya amejilaza ukingoni na tumbo limemvimba kama kibuyu.

Wakubwa wakapigana nao kwa nguvu zao. Nyati aliwakanyaga, puu, puu, puu, mpaka akavunja kihenge chake mwenyewe. Mzee Tembo akavuta maji kwa mkonga, akayamimina kwenye mashimo, chwaaa, na mahindi yake yote yakalowa yakaota mizizi yangali ghalani. Panya wengi walikufa, ni kweli. Wakubwa wakala karamu. Lakini haukupita muda panya wakawa tele kuliko mwanzo.

Kibibi aliliona jambo hilo akalitafakari. Wale waliosalimika walikuta chakula kingi na mashimo matupu, basi wakazaa kwa raha zao. Tena aliona jambo lingine. Kule kijitoni, kulikoota kichaka kiitwacho mpumzisho, panya walikuwa wachache na wana afya njema. Walikula mbegu za kichaka kile. Kibibi hakukurupuka kusema. Alichuma mbegu, akawa anawapelekea panya wa upande mmoja wa shamba, wa upande wa pili hawapelekei, naye akatulia akiangalia. Wa upande wa kwanza walinenepa wasizae. Wa upande wa pili walizaa kama kawaida yao. Alipoacha kupeleka mbegu, wale wa kwanza nao wakaanza kuzaa tena.

Ndipo likaitishwa baraza. Mzee Tembo akakohoa, wote wakanyamaza.

"Nimeamua," akasema. "Nyasi zikikauka vizuri, tunalitia moto bonde zima. Panya wasipokufa kwa moto, watakufa kwa moshi."

Nyasi zile ndizo zilizokuwa nyumbani kwa Kibibi. Akapanda juu ya kinu ili aonekane.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Nani huyo anaongea?"

"Ni mimi, Kibibi, hapa kinuni. Mzee, panya ukimuua unamwachia nafasi mwenzake, na mwenzake ataijaza nafasi ile kwa watoto. Tusiwaue. Tuwapumzishe kuzaa. Mbegu za mpumzisho zinaweza, nimezijaribu nikaona."

Nyati akacheka mpaka kikoi kikamlegea. "Mmesikia? Tuwape panya dawa kama wakwe zetu. Wewe Kibibi na panya mna pua moja, ndiyo maana unawatetea."

Baraza zima likaangua kicheko. Kibibi akashuka kinuni polepole, masikio yakimwaka kwa aibu. Hakulia. Ila alipofika nyumbani aliwakumbatia wanawe kwa muda mrefu.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Siwema, panya jike aliyekaa nyuma ya ghala la Mzee Tembo. Alipiga hodi, akakaribishwa na vilio vya watoto, wii, wii, wii. Siwema alikuwa amejilaza ubavu, wengine wakinyonya, wengine wakimpanda kichwani.

"Karibu, shoga. Keti popote, ila usimkalie mtu," akasema Siwema.

"Umechoka, mwenzangu."

"Kuchoka si neno. Huyu sijamwachisha ziwa, yule anagonga mlango. Hata majina yameniishia. Wale watatu pale wote nawaita Wewe."

Kibibi akamweleza habari za moto, na habari za mbegu. Siwema alisikiliza, kisha akainua kichwa.

"Hiyo dawa yako inaua?"

"Haiui."

"Inafunga uzazi moja kwa moja?"

"Unapumzika muda unaokula. Ukiacha, uzazi unarudi. Nimewaona wa kijitoni kwa macho yangu."

"Basi nipe hata sasa hivi," akasema Siwema. "Na majike wenzangu nitawaambia, hakuna hata mmoja atakayekataa. Lakini waume zetu hawatakubali iingie nyumbani. Panya dume ukimpa chakula bure, anajua ni mtego. Yeye anakiamini kile alichokiiba tu. Na kadiri mlinzi alivyo mkubwa, ndivyo anavyokiona kitamu na kukileta kwa mkewe kwa majivuno."

Pua ya Kibibi ikacheza. Kisha akatabasamu.

Alichuma mbegu za mpumzisho, akazikaanga, akazitwanga pamoja na mahindi na ufuta, akachanganya na asali. Harufu yake ilimfanya kila apitaye agande njiani. Akaujaza unga ule kwenye vikapu, akaenda kwa Mzee Tembo na Nyati.

"Wazee wangu," akasema, "niliwaudhi barazani. Leo nimekuja na unga. Unga huu utawaondoa panya kuliko moto."

Nyati akanusa. Mate yakamdondoka. "Unatia nguvu?"

"Nguvu yake mtaiona wenyewe. Ila una masharti. Uwekwe ghalani mpaka baada ya mavuno, nami niwe naongeza kila asubuhi. Ulindwe mchana kutwa na wenye nguvu kuliko wote, mlangoni, na watangaze kwa sauti kwamba ni marufuku panya kuugusa. Na moto usiwashwe mpaka mvua ya kwanza inyeshe."

"Wenye nguvu kuliko wote," akarudia Mzee Tembo. "Hao ni sisi."

"Mimi sioni wengine," akasema Kibibi.

Basi kazi ikaanza. Mzee Tembo aliuziba mlango kwa mwili wake. Nyati akawa anatembea mbele ya ghala, kwenda na kurudi, pembe juu, akinguruma, "Marufuku! Unga huu si wa panya." Panya wa bonde zima wakasikia. Wale waliokuwa hawana habari ya unga, sasa wakawa na habari. Upande wa nyuma, ambako hakuna aliyefikiria kutazama, kwaru, kwaru, kwaru, madume wakachimba. Waliondoka mashavu yametuna, wakafika kwa wake zao wakijigamba: "Kula, mke wangu, nimeupitisha chini ya pua ya Nyati." Wake zao wakala, wakawapongeza, wakapumzika.

Mara moja Mzee Tembo alisimamisha masikio. "Nyati, husikii mkwaruzo?"

"Ni tumbo lako, Mzee," akajibu Nyati, ambaye mwenyewe alikuwa ametoka kulamba unga kidogo kwa siri.

Siku zikaenda. Nyasi zikakauka, zikawa zinaita moto. Adhuhuri moja Nyati alikuja mpaka kwenye kisiki cha Kibibi, ameshika kijinga cha moto kinachofuka moshi.

"Nimechoka kusubiri," akasema. "Bado nawaona panya. Nawasha leo."

Kibibi alitoka nje. Nyuma yake aliwasikia wanawe wakipiga chafya kwa moshi. Nyumba nzima ingeungua kwa cheche moja tu.

"Washa, kaka," akasema. "Upepo unaelekea ghalani. Unga utaungua, mahindi yataungua. Ila Mzee amelala mlangoni na usingizi wake ni mzito. Utamwamsha wewe, au nimwamshe mimi nimwambie umekuja na moto?"

Nyati akatazama upepo ulivyolaza nyasi. Akatazama ghalani. Akapiga kwato chini, akageuka, akakizima kijinga chake kijitoni, tsssss. Kibibi akarudi ndani kwa wanawe.

Mvua ikaja. Wakazi wa bonde wakapanda, mahindi yakaota, yakabeba, yakakomaa. Panya wazee walikuwa wamekufa kwa uzee wao, na waliozaliwa walikuwa wachache. Hakuna aliyelitambua hilo haraka. Nani anayehesabu kisichomsumbua?

Baada ya mavuno Mzee Tembo akatangaza kwamba siku ya kula unga wa nguvu imefika. Wanyama wakakusanyika. Akafungua mlango, akaingiza mkonga, akapapasa. Akapapasa tena. Ghala lilikuwa tupu, na nyuma yake palikuwa na tundu linalopitisha mwanga wa jua.

"Tumeibiwa," akanguruma Nyati. "Panya wamekula kila kitu!"

"Wamekula," akasema Kibibi, amesimama mlangoni, "na ndivyo nilivyotaka. Nilisema unga utawaondoa panya. Sikusema nani aule. Ulikuwa na mbegu za mpumzisho, na nyinyi ndio mliofanya panya wautamani. Mimi peke yangu ningewapa, wasingeugusa."

Nyati alibadilika uso. Akainama akamnong'oneza, "Kibibi, na mimi nililamba. Mke wangu—"

"Dawa ya mwili wa panya kwa mwili wako ni tone la mvua mtoni. Nenda nyumbani kwa amani."

Mzee Tembo alitoka akaenda mpaka kwenye vihenge vyake, akafungua kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa vimejaa mpaka juu, hindi juu ya hindi, bila jino la panya. Alirudi polepole.

"Kwa nini hukutuambia?" akauliza.

"Niliwaambia, Mzee. Nilikuwa juu ya kinu, mkacheka."

Tumbo la Mzee Tembo likaanza kutikisika, na kicheko kikatoka, kikubwa hata majani yakapukutika. "Mimi, mkuu wa bonde, nimekuwa mlinzi wa chakula cha panya," akasema. "Kuanzia leo kila mwaka kabla ya mvua Kibibi atatwanga unga, nasi tutalinda kwa makelele zaidi. Nyati, wewe rekebisha ile sauti."

Siwema alikuwa ameketi juani kando ya ghala na wanawe wachache, wamekoga, manyoya yanang'aa. Kila mmoja alikuwa na jina lake. Alipowaona wakubwa hakukimbia, nao hawakuinua mguu kumkanyaga. Alijinyoosha, akapiga mwayo mrefu, akasinzia mchana kweupe.

Basi wanangu, mwenye nguvu humkanyaga panya, mwenye akili humpumzisha mama wa panya.