Soko Lililokwisha Kuanza

"Jiwe la msingi halizuii mvua." Ndivyo alivyowajibu Bi Sikudhani mlipokwenda kumwalika kwenye sherehe ya jiwe la msingi la ofisi ya kikundi chenu, nanyi mkanuna, mkaja kuniuliza kama amewatukana. Hakuwatukana. Kaeni, ila wewe mwenye suruali ya sherehe usikalie ndoo ya chokaa. Maneno hayo yalizaliwa hapa hapa Mbungale, nami nilikuwepo, mwiko mkononi.

Wakati huo nilikuwa mwashi wa halmashauri. Soko letu lilikuwa uwanja mtupu. Bi Sikudhani aliuza unga wa muhogo, na unga, mnajua wenyewe, hauna urafiki na maji. Masika mawili mfululizo mtaji wake uligeuka uji. Akaapa kwamba ya tatu yakimkuta bila paa, anafunga biashara na kurudi kwa kaka yake, akale ugali wa masimango.

Halmashauri ikasikia. Nikajenga jiwe la msingi la soko, zuri, kimo cha mbuzi. Mwenyekiti, Mheshimiwa Chambuso, akakata utepe, jina lake likang'aa pale, tukapiga makofi. Mwaka uliofuata nikaenda kuuliza kuta zinaanza lini. Mhandisi akafungua jalada, akakuna kichwa.

"Fundi Mahimbo, fedha za mwaka huu ni za miradi ambayo haijaanza."

"Na soko?"

"Soko limeanza. Jiwe si lipo?"

"Basi hakuna fedha za miradi iliyoanza?"

"Zipo, lakini lazima jengo liwe limefika kwenye linta, juu ya milango."

"Litafikaje kwenye linta bila fedha?"

Akalitazama jalada kana kwamba limemzomea. "Hapo ndipo na mimi ninapopotea."

Madiwani wakakaa kikao siku mbili. Wakaamua jiwe ling'olewe, ili soko liwe halijaanza. Nikachukua nyundo. Kabla sijapiga, karani akaja mbio: kubomoa ni mradi mpya, na mradi mpya hapa kwetu hauanzi bila jiwe la msingi. Nikajenga jiwe la pili, la kubomolea la kwanza. Mnacheka? Mimi nilijenga huku namwomba Mungu anieleweshe. Hadi leo nasubiri.

Siku ya kulizindua hilo la pili, turubai kubwa likakodiwa kwa ajili ya wageni. Mwenyekiti yuko katikati ya hotuba, mvua ya masika ikamwagika. Bi Sikudhani akaburuta gunia lake hadi mbele ya viti vya wageni.

"Mama, hapa ni pa wageni," askari akamzuia.

Mwenyekiti akaingilia kwa upole. Naapa hakuwa akimdhihaki, jalada lilikuwa limemchanganya na yeye. "Mama, kwani soko lenu si lile pale? Mbona limekwisha kuanza?"

Bi Sikudhani akayatazama yale mawe mawili yakichuruzika maji.

"Lile, Mheshimiwa?"

"Lile."

"Basi tubadilishane. Wewe kahutubie sokoni, mimi niuzie hapa."

Mwenyekiti ameshasema mbele ya watu, atarudije nyuma? Akatoka na suti yake. Akachutama ubavuni mwa jiwe lenye jina lake, akajaribu upande huu, akajaribu ule.

"Huko sokoni vipi?" Bi Sikudhani akamwita.

"Mama, kunanyesha."

"Eeh! Jiwe la msingi halizuii mvua."

Wauzaji wote wakaingia turubaini na mizigo yao, wakagoma kutoka. Mwenye turubai akadai kodi yake kila jioni, na halmashauri haikuwa na fungu la turubai lisiloondoka. Siku ya kumi na tisa mabati yakaletwa. Kwa fungu lipi, msiniulize, nadhani hata mhandisi hajui. Tukasimamisha nguzo na paa, kuta zikaja miaka mingi baadaye. Mawe yale bado yapo: moja Bi Sikudhani analikalia, jingine anawekea mizani.

Sasa nanyi mnataka niwajengee jiwe lenye majina yenu yote kumi na moja. Nitakuja, mwiko ninao. Lakini mabati mnayo?

Mbona mnatazamana? Haya, tazameni na wingu lile linalopanda, kisha mrudi kwa Bi Sikudhani mkamwombe radhi. Jiwe la msingi halizuii mvua.