Sanduku la Mstari Mmoja

Sogeeni, wajukuu zangu, na mwenye usingizi amwegemee mwenzake asikie hata robo.

Palikuwa na wasichana watatu kule Tanga, ghorofani kwa Bi Khola, yule anayepamba masanduku ya mabibi harusi. Kazi yao ilikuwa kuifundisha kompyuta sanduku ni kitu gani, ili iandike orodha ya vitu vya kila sanduku, maana yenyewe haikujua. Mishi alikuwa na subira, Salha alikuwa na mpango. Rukia alikuwa mvivu, ila uvivu wake ulikuwa na akili.

Mishi aliifundisha kutia: kanga iingie, udi uingie, marashi yaingie, kila kitu na mstari wake.

Salha aliifundisha kutoa kimoja kimoja kwa zamu, kama somo, yule kungwi wa bi harusi, anavyowainulia kina mama vitu vya sanduku wakapiga vigelegele.

Rukia kaja mwisho. Katazama ile mistari, kapiga mwayo. Akaandika sanduku jipya, akafungua mabano, akapanga vitu vyote humo, akafunga. Mstari mmoja tu, na kompyuta ikakubali.

"Rukia mwanangu, umenipumzisha," akasema Bi Khola. Na nafasi ya kubaki kazini ilikuwa moja.

Wivu ukamshika Mishi. "Kakuta wali umeiva, kamwagia mchuzi, leo ndiye mpishi," akamnong'oneza Salha. Wenzake walipokwenda kula, akafuta kutia kwake. Rukia kurudi, kompyuta ikagoma.

"Umeona?" akasema Mishi. "Mabano yako yanategemea kutia kwangu. Bila mimi huna sanduku."

"Basi rudisha chako, nami nifute changu," akasema Salha, hataki kupitwa. Ikagoma tena. Sanduku lisilotoleka kimoja kimoja, mabano yake kompyuta haiyataki.

Salha akarudisha chake. "Haya shoga, zamu yako," Mishi akamgeukia Rukia. "Futa tuone."

Rukia akafuta mabano yake. Kompyuta haikugoma, sanduku likajaa vilevile, ila kwa ule mwendo wa zamani, mstari kwa mstari.

Mishi akataka kucheka. Mara honi ikalia chini: ndugu wa bi harusi wamefika, na kwenye orodha kanga ndiyo kwanza zinaingia. Vidole vya Mishi mwenyewe, bila kutumwa, vikayarudisha mabano ya Rukia, sanduku likajaa kwa mstari mmoja.

Bi Khola alikuwa ngazini, kaona yote. Kashika ufunguo wa ofisi, wa yule atakayebaki kazini, kawatazama watatu.

"Haya, nimpe nani?"

Mishi akainamisha macho, lakini mkono kaunyoosha aupokee.

Je, ungekuwa wewe, ufunguo ungeuweka mkononi mwa nani?