Karai la Pumba Barazani

"Nina ngano, jamani!"

"Itue tuione!"

"Ni nzito!"

"Tutasaidiana!"

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa wakibeba chumvi kutoka machimboni hadi kwa Mfalme Simba. Kiongozi wa chama chao cha wapagazi alikuwa punda mmoja, jina lake Kihongwe. Ndiye aliyewagomesha siku saba, mpaka wakapata gunia moja kwa mgongo mmoja, na mapumziko ya kivulini. Akaweka na sharti: anayetaka kuongeza mzigo, aubebe yeye kwanza.

Wapagazi walimpenda mno. Wakampeleka barazani kwa Mfalme akawasemee.

Sasa, huko barazani kulikuwa na desturi. Kukubali ni kuinamisha kichwa. Vichwa vyote vikiinama, jambo limepita. Kimoja kikibaki juu, limekufa. Fisi, waziri wa Simba, aliijua desturi hiyo, na tumbo la punda alilijua vilevile.

Siku ya kwanza, Fisi akamwekea Kihongwe karai la pumba miguuni. Kihongwe akainama kula. Papo hapo Fisi akauliza, "Magunia yawe mawili, mnakubali?" Vichwa vyote chini. Limepita. Kihongwe akashtuka, lakini akaona haya kusema kwamba alikuwa anakula.

Siku ya pili, karai likaja tena. Safari hii alijua kabisa. Akajiambia, "Nitaonja kidogo tu, upesi upesi." Akainama. Mapumziko ya kivulini yakafutwa.

Siku ya tatu hakujiambia kitu. Akainama, akala, akalamba na karai. Magunia yakawa matatu.

Akarudi machimboni amenenepa, manyoya yanang'aa. Akawakuta wapagazi wamekaa chini, mizigo wameitua. Bibi Ngamia, aliyegoma naye siku zile saba, akasimama.

"Karibu, mheshimiwa. Sharti lako bado tunalo. Aliyeongeza aubebe kwanza."

Wakamtwika magunia matatu. Kufika kilimani, akamgeukia Bibi Ngamia.

"Dada, nipumzike kivulini kidogo."

"Kivuli kimefutwa, mwenzetu. Si uliinama?"

Kihongwe akalia. Aibu ilimlemea kuliko chumvi. Lakini hakuitua. Akaenda moja kwa moja hadi barazani, magunia mgongoni.

Fisi alipomwona akachekelea, akasukuma karai. "Magunia yawe manne, mnakubali?"

Vichwa vyote chini, isipokuwa kimoja. Pumba alizitamani, tena mate yalimtoka. Lakini akiinama tu, magunia yote yatamporomokea shingoni. Kichwa kikabaki juu.

"Sikubali," akasema. "Na waliokubali yale matatu waje wabebe kwanza. Nimeshabeba mimi. Sasa zamu ya waziri."

Simba akaafiki, Fisi akatwikwa gunia moja tu. Akalala kifudifudi chini yake, miguu imetawanyika pande nne. Simba akacheka mpaka machozi. Siku hiyohiyo gunia likarudi kuwa moja, na kivuli kikarudishwa.

Tangu hapo, mjumbe wa wapagazi hukaa barazani na gunia mgongoni. Kihongwe mwenyewe ndiye aliyeliomba sharti hilo, na alilishika mpaka uzeeni.

Basi wanangu, funzo ni hili: wenzako wakikutuma ukawasemee, usiutue mzigo wao mlangoni.

Ngano nimeitua. Mwenye mgongo aibebe, aende nayo kwao.